Trela Nyuma ya Bweni

Jumatano, 14 Juni

Rosaleen kafanya mtihani wa historia leo. Nikamuuliza ulikuwaje. "Wa kawaida tu, Mama." Kisha akajitupa kitandani na viatu vyake. Sikumgombeza. Siku hizi kambi nzima inanyata kwa ajili yake. Hata mbwa wa Miley wamefungwa kule mbali, na mume wangu huyu kwa mbwa wake huwa hasikii la mtu.

Hapa kambini kwetu, nje ya Athlone, hajatokea bado mtoto wa kuufikia mtihani huu wa mwisho. Wavulana wanaacha shule mapema, wanawafuata baba zao kwenye farasi na vyuma chakavu. Wasichana wanaolewa. Mama mkwe wangu, Maugie, katika umri wa Rosaleen alikuwa na mimba ya pili, na hachoki kutukumbusha. Leo tena! Kaja kuomba sukari, akamtazama mtoto pale alipolala. "Huyu mnamsomesha au mnamzeesha?" Nikampa sukari yake aende.

Jumatatu, 19 Juni

AMEPATA! Bi Orla wa chuo cha Dublin kapiga simu mwenyewe. Nilikuwa namenya viazi. Rosaleen kanishika mikono na maganda yake tukazunguka zunguka kama wendawazimu.

Ni ule mpango wao wa watoto ambao kwao hakuna aliyekanyaga chuo kikuu. Watoto wa maghorofa ya maskini, watoto wa wahamiaji, walemavu, na sisi Wasafiri, watu wa kuhamahama na trela zetu za kuishi. Wanatengewa nafasi zao. Hata alama zikipungua kidogo wanapokewa, ada inalipwa, chumba kinalipwa, na pesa ya kula juu yake. Ila kwanza waende wiki moja kiangazi hiki, walale bwenini, wakae darasani, waonje maisha yenyewe. Asiyeimaliza wiki, nafasi yake anapewa mwingine. Bi Orla kalisema hilo mara mbili.

Rosaleen anataka ualimu wa watoto wadogo. Mimi najua kwa nini, hata asiponiambia. Wakati wangu shuleni Wasafiri wote tuliwekwa meza ya nyuma, tukapewa kalamu za rangi, tukaambiwa tuchore. Nilichora mpaka nikaacha shule. Kusoma nimefundishwa na Rosaleen. Alikuwa darasa la kwanza — anarudi na kitabu chake, ananikalisha mezani, anakishika kidole changu na kukipitisha juu ya herufi. Nikikosea hacheki. Haya ninayoandika sasa ni kazi ya mikono yake.

Jioni tukamwambia Miley. Alifurahi mpaka aliposikia neno bweni. "Binti yangu, hajaolewa, alale nyumba moja na watu nisiowajua? Thubutu!" Akatoka kwenda kwa farasi wake. Rosaleen hakulia. Afadhali angelia.

Alhamisi, 22 Juni

Miley hasemi. Rosaleen hasemi. Trela yetu ndogo, na bado watu wawili wanaweza kupishana humo siku nzima bila kutazamana!

Sitaki kumwonea Miley. Kwetu binti anatembea na dada yake, au shangazi, au mama. Halali ugenini peke yake mpaka siku anayotoka na mume. Mimi mwenyewe sikulala mbali na mama yangu hata siku moja kabla ya arusi. Na Maugie anapuliza moto: eti kuna kijana wa Mullingar, mtaratibu, ana trela yake mpya, watu wake wanangoja jibu la posa.

Leo nimempigia Bi Orla nje, kichochoroni kwenye mitungi ya gesi. Nikamuuliza kama mzazi anaweza kuja. Mwanamke mkarimu! "Familia zote zinakaribishwa, Bi Mongan. Tutafurahi sana kuwaona."

Basi. Familia zote zinakaribishwa. Kwetu mtu akikukaribisha, unakwenda na nyumba yako.

Nimemwambia Miley. Kajikuna kidevu kwa muda mrefu. Mwisho akauliza kama huko chuoni kuna mahali pa tambarare.

Jumamosi, 1 Julai

Dublin! Tumetoka alfajiri. Miley akiwa na safari lazima awe wa kwanza kufika, hata kama anakokwenda hakujafunguliwa.

Vikombe vya kauri vya marehemu mama nimevifunga kwenye mablanketi, kimoja kimoja. Vina ukingo wa dhahabu na maua ya buluu. Havijawahi kutiwa chai. Vinakaa kwenye kabati la vioo, na siku Rosaleen akiolewa ataondoka navyo, kama nilivyoondoka navyo mimi. Miley kasema niviache kwa mama yake. Kwa Maugie? Bora niviweke barabarani.

Tumeingia langoni, Miley akachagua mahali katikati kabisa, kwenye majani mazuri mbele ya bweni. Alikuwa ameshateremsha miguu ya trela na mimi nimeshatundika kamba ya nguo Bi Orla alipotokea mbio, uso mwekundu. Ni mdogo kuliko nilivyodhani.

"Bi Mongan... tuliposema familia zinakaribishwa, tulikuwa na maana ya... chai. Na biskuti. Kesho mchana."

Nikamwambia asisumbuke, chai tunayo.

Akamtazama Rosaleen. Rosaleen anatazama viatu vyake. Nikamvuta Bi Orla pembeni nikamweleza kinagaubaga: trela ikiondoka, baba anaondoka na binti. Sikumbembeleza, nimemwambia tu lilivyo. Akaenda kuongea na mlinzi, mzee mmoja Cathal mwenye sharubu. Tumepewa kona nyuma ya bweni, karibu na mapipa ya taka. Wiki moja tu. Cathal katuelekeza kurudi nyuma kwa ishara za mikono — na Miley, ambaye hajawahi kuelekezwa na mtu, kakubali!

Mlango wa nyuma wa bweni uko hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Dirisha la Rosaleen naliona nikiwa kwenye sinki.

Jumapili, 2 Julai

Miley karudi nyumbani asubuhi, farasi hawawezi kukaa wenyewe. Kaniachia mtungi wa gesi na maagizo kibao. Kwa Rosaleen alisema tu, "Usile vitu vyao vya ajabu." Kisha akamrekebisha kola ya koti, na haikuwa imepinda.

Wenzake wamefika mchana. Chai ya familia ilikuwa saa nane. Nilishavaa gauni langu la kijani, na hereni. Rosaleen kaja mbio: "Mama, pumzika tu, si lazima. Ni hotuba na kusimama." Kweli miguu yangu ilikuwa imevimba. Nikavua gauni nikaoka mkate wa magadi soda.

Nasikia makofi kutoka ukumbini. Wamepiga makofi mengi.

Jumatatu, 3 Julai

Mtoto ana mapenzi huyu! Kaja asubuhi na mapema, wenzake bado wamelala. Nikakaanga soseji. Kala amesimama, huku anazungumza na mdomo umejaa. Chumba chake kina meza yake peke yake, na taa yake. Analala jirani na Kellie, wa maghorofa ya hapa hapa Dublin, mcheshi, na Adaeze, ambaye wazazi wake wametoka Nigeria — huyo anataka udaktari. Jana wamecheka mpaka wakagongewa ukuta.

"Na wewe umewachekesha?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye niliyewaanza, Mama."

Nilimtazama. Kule shuleni Athlone hakuwahi kuwa na mtu wa kukaa naye wakati wa chakula. Kuna siku nilimkuta anakula chooni ili asionekane yuko peke yake. Leo anagongewa ukuta kwa kelele! Nimefurahi mpaka nimeunguza soseji za pili.

Kabla jua halijapanda kaondoka. Kasema akiulizwa atasema alikwenda kukimbia. Nikacheka, Rosaleen na kukimbia wapi na wapi.

Jumanne, 4 Julai

Kaja tena alfajiri. Leo darasa la watoto: wanapelekwa kwenye masomo ya kiangazi ya shule ya jirani, kila mmoja atasoma kitabu na mtoto mmoja. Atanisimulia yote kesho.

Jioni.

Nilikuwa nakunja taulo, pazia limefungwa kwa sababu ya jua. Nikasikia sauti ya Rosaleen nje, nikataka kufungua. Halafu ya msichana mwingine, lafudhi ya Dublin. Kellie huyo.

"Hii trela ya nani? Si ya wale wazururaji? Mungu wangu, mpaka huku! Fungeni madirisha jamani, mtaamka hamna simu."

Mtu akacheka. Nikangoja.

Rosaleen kasema, "Sijui. Mafundi wa mabomba labda."

Wakapita.

Taulo nimelikunja tena. Nimelikunja mara ngapi sijui.

Jumatano, 5 Julai

Kumbe ndiyo maana anakuja alfajiri. Kumbe ndiyo maana chai ya familia ina kusimama kwingi.

Kaja leo kama kawaida. Nimemkaangia mayai. Katoa karatasi ya rangi mfukoni, mtoto wa jana kamchorea, na akaanza kunisimulia: mtoto alikuwa anagoma kusoma, basi yeye akamshika kidole, akakipitisha juu ya herufi. Mwalimu wa chuo alikuwa amesimama nyuma yake. Kamwuliza, "Hiyo umejifunzia wapi?"

"Ukamjibu nini?"

Kaikunja karatasi yake. "Nimesema nyumbani."

Kisha kaweka kichwa mapajani kwangu, msichana mzima, miguu imetokeza mlangoni. Nikamsuka nywele. Sikusema neno kuhusu jana. Nilikuwa nalo mdomoni, lilikuwa moto, nikalimeza. Ningemwambia nini? Hata mimi nikiwa dukani na watu wanaoishi kwenye majumba huwa nabadilisha sauti. Miley akipiga simu kuulizia gari la kuuza husema jina lake ni Murphy, maana wakisikia Mongan wanajua ni Msafiri. Sisi ndio tuliomfundisha.

Lakini imeuma. Naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kumwumiza. Imeniuma, mwanangu.

Alhamisi, 6 Julai

Sikulala vizuri, nimeamka na uamuzi. Trela iondoke. Mtoto asiishi wiki yake nzuri kwa kupita ukutani kama mwizi. Na mambo yakijulikana vibaya, kwa kusengenyana, yale makofi ya Jumapili yatageuka.

Nimempigia Miley. Nimesema mapipa yananuka, nimechoka, aje kesho atuvute.

"Sawa. Rosaleen akusanye nguo."

"Rosaleen anabaki."

Nikasikia farasi anapumua karibu na simu.

"Winnie, umelewa?"

Nikamwambia wiki inaisha Jumamosi mchana. Kuanzia kesho bado usiku mmoja tu wa kulala. Akiondoka kesho nafasi imekwenda, hata kama kakaa siku zote hizo. Akasema basi na mimi nibaki mpaka Jumamosi, tatizo liko wapi? Nikashindwa kumwambia liko wapi. Ningemwambia alichosema Rosaleen, Miley angevunjika. Anampenda yule mtoto kuliko anavyojua kusema, na angeendesha gari kimya mpaka Athlone na asingelitaja jambo lile mpaka kufa.

Nikasema tu: "Mimi nimeshamwona akiwa peke yake, Miley. Anaweza."

Akakata simu. Sijui kama anakuja au haji.

Jioni Cathal kapita na toroli lake. Nimempa kipande cha mkate na siagi. Kala pale pale amesimama. Kaniambia binti yangu jana alimsaidia msichana wa kiti cha magurudumu kupanda kilimani njia nzima huku wanaimba. "Nilijua ni wako," kasema. "Anatembea kama wewe."

Ijumaa, 7 Julai

Rosaleen hakuja alfajiri. Leo ilikuwa zamu yake kuongea mbele ya darasa, labda alikuwa anajiandaa. Soseji zimepoa. Sikumwambia kwamba naondoka. Nilitaka nimwandikie nimpenyezee mlangoni, nikaanza, nikachana.

Miley kafika kabla ya saa sita. Kanyoa ndevu. Kavaa shati la arusini. Kaniletea gazeti na mayai ya kuku wetu, na kwa Rosaleen ile chokoleti yake aliyokuwa anapenda akiwa na miaka sita — hajui kama ameshaiacha. Hakunisalimu. Kaanza moja kwa moja kuishikiza trela kwenye gari.

Nimetoka. Tumegombana kwa kunong'ona, pale kwenye mapipa.

"Nani atamwangalia?"

"Amejiangalia wiki nzima."

"Wewe ulikuwa hapa!"

"Nilikuwa nyuma ya pazia, Miley. Kwa faida gani?"

Kainama kwenye mnyororo wa trela, akaushika tu, hakuufunga. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tumzike kaka yake. "Na wakimcheka? Wakimcheka, Winnie, na sisi hatupo?"

Kumbe ndilo hilo. Hata si kijana wa Mullingar, hata si watu watasema nini. Miley alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, tumevaa vizuri, tumepanga foleni ya dansi mimi na yeye, na mlinzi akatutoa mbele ya watu wote kwa kututazama tu na kujua ni Wasafiri. Hajarudi mahali penye muziki tangu siku hiyo isipokuwa arusi zetu wenyewe. Nimemshika shavu. Limekatwa kidogo na wembe.

"Watamcheka," nimesema. "Halafu ataamua mwenyewe afanye nini."

Amekubali jambo moja tu: atamsubiri atoke darasani, amwulize yeye mwenyewe, ana kwa ana, anabaki au anakuja. Atakalosema, ndilo. Sasa yuko nje ameegemea gari, kofia mkononi. Mimi nimeingia ndani. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi. Vikombe vya mama nimeshavitoa kabatini, viko mezani na mablanketi tayari kufungwa.

Nimefunga pazia. Akitoka na wenzake, akapita, sitaki kuona. Na Miley je? Miley yuko nje wazi, na shati lake! Sikulifikiria hili. Anamsubiri binti yake na tabasamu kabisa, na binti atapita na kusema fundi wa mabomba! Nimwite aingie ndani? Nimemwita. Hasikii.

Mlango wa bweni umefunguka. Sauti nyingi. Kicheko — cha Kellie, nakijua sasa.

Sauti zimekatika.

Nimefungua pazia kidogo. Wamesimama kundi zima kwenye ngazi. Msichana wa kiti cha magurudumu, Adaeze bila shaka yule mrefu, Kellie mwenye nywele nyekundu. Rosaleen yuko katikati. Kaona gari. Kaona trela imeshikizwa. Anamtazama baba yake. Miley kanyanyua mkono kidogo tu, halafu kaushusha, kama mtu aliyekosea.

Kellie anasema kitu, mkono mdomoni. Rosaleen hamjibu.

Anashuka ngazi. Anatembea. Ni kweli anatembea kama mimi. Haongezi mwendo, hapunguzi. Amefika kwa Miley na amemkumbatia shingoni mbele ya wote, kambusu pale pale alipokatwa na wembe. Sasa kageuka, mkono wake bado uko begani kwa baba. Anawaambia kitu wale wa kwenye ngazi. Hapazi sauti, maneno hayapiti kioo. Lakini naona mdomo. Ule mdomo ulionifundisha a, e, i, taratibu, kila herufi peke yake, sikosei kuusoma. Baba yangu. Na sasa anaonyesha kidole dirishani kwangu. Mama yangu.

Kellie amekuwa mwekundu kuliko nywele zake. Adaeze anashuka. Anasukuma kiti cha yule mwingine. Wanakuja! Kellie bado yuko kwenye ngazi, anavuta mkono wa sweta. Njoo na wewe, mjinga wee, mkate upo.

Birika nimeliwasha. Vikombe vya kila siku ninavyo vitatu, na kimoja kimekatika mkono. Wasichana wangapi hao!

Miley anagonga dirishani. "Winnie — nifungue mnyororo au nikaze?"

Sijui. Rosaleen hajajibu bado, mwulize yeye, si mlikubaliana? Nimemwambia angoje kwanza. Nifute vumbi kwenye hivi vya dhahabu, maji yanachemka, na Rosaleen ameshashika kitasa.